Safari ya skii ya siku moja milimani na marafiki: mwongozo kamili kuanzia ramani ya jioni hadi kukausha ngozi za skii

Kwenye kituo cha skii chenye lifti kuna watu wanaoamka kabla yako kukagua miteremko, kulipua theluji inayotishia kuporomoka na kufunga njia zisizofaa. Ukivuka mpaka wa kituo, ukabandika ngozi (kanda zenye manyoya zinazozuia kurudi nyuma) chini ya skii zako, yaani mbao ndefu za kutelezea, na kupanda mlima kwa nguvu za miguu, kazi hiyo yote inakuwa yako na wenzako. Mwongozo huu unaieleza hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye tayari anaweza kuteleza na kugeuka vizuri kwenye theluji isiyosawazishwa. Hauchukui nafasi ya kozi ya maporomoko ya theluji. Kozi ya siku mbili au tatu nje mlimani, mkiwa na mkufunzi, inafaa kulipiwa kabla ya kufikiria skii nyepesi za bei kubwa.

Nani aje, na mwende wangapi

Idadi nzuri ni watu watatu hadi watano. Mkiwa wawili na mmoja akafukiwa, aliyebaki ndiye mtafutaji, mchimbaji, mtoaji wa huduma ya kwanza na mpiga simu, yote kwa mkupuo mmoja. Mkizidi sita, sauti hazifikiani mteremkoni, kila kituo kinameza muda mrefu, na mbaya zaidi, kila mtu hudhani mwenzake ameshalifikiria jambo. Kikundi kikubwa hujiona salama kuliko kilivyo.

Ulizaneni mapema na bila haya: kila mmoja anaweza kupanda mita ngapi za kimo kwa siku? Nani ameshafanya mazoezi ya kumtafuta mtu aliyefukiwa msimu huu? Nani ana goti bovu? Mpango unapimwa kwa aliye na nguvu na ujuzi mdogo zaidi, maana ndiye atakayeamua mtarudi saa ngapi.

Kisha kubalianeni juu ya kura ya turufu. Yeyote akisema hapana, mnageuka, na hadaiwi maelezo. Kanuni hii tunaisisitiza kuliko kifaa chochote, kwa sababu anayehisi hatari mara nyingi ni mgeni wa kikundi, naye hunyamaza ili asiwaharibie wenzake siku. Mwenye uzoefu aulize wengine kwanza na kusema mwisho. Akitangulia kutoa maoni, wengine watayafuata hata kama macho yao yanaona jambo jingine.

Jioni ya kuamkia safari

Anzeni na taarifa ya hatari ya maporomoko ya eneo lenu. Ulaya na Amerika Kaskazini hutumia ngazi tano: 1 ni hatari ndogo, 2 ya wastani, 3 iliyo kubwa kiasi, 4 kubwa na 5 kubwa mno. Ngazi hizi hazipandi kwa hatua zinazolingana. Kutoka moja hadi nyingine hatari huruka. Ngazi ya 3 ndiyo inayohadaa wengi. Iko katikati ya kipimo, basi watu huisoma kana kwamba ni hali ya kawaida, ilhali inamaanisha kwamba mtu mmoja tu mwenye skii anaweza kuporomosha mteremko.

Namba peke yake haitoshi. Someni maandishi mpaka mjue mambo matatu: tatizo ni la aina gani, liko kwenye miteremko inayoelekea wapi, na linaanzia kimo gani. Aina ya tatizo ndiyo inayoeleza mtafute nini kesho.

Theluji mpya inahitaji muda, kwa kawaida siku moja hadi tatu, kushikamana na ile ya chini. Sentimita 20 hadi 30 zilizoanguka kwa usiku mmoja pamoja na upepo mkali zinatosha kubadilisha mlima mzima. Theluji ya upepo ni tatizo jingine: upepo huikwangua kutoka upande wa joshi, unakotokea, na kuilundika upande wa demani, nyuma ya migongo ya milima na ndani ya makorongo. Hapo hujenga bamba gumu kiasi linaloweza kukatika kwa mkupuo. Mtu anaweza kukuta bamba la sentimita 60 mahali ambapo hakuna hata tone lililoanguka kutoka mawinguni.

Tatizo baya zaidi ni tabaka dhaifu linalodumu. Usiku mkavu wa baridi kali huotesha sakitu juu ya theluji, fuwele bapa zinazong'aa asubuhi. Theluji mpya ikizifukia, zinabaki humo chini wiki nyingi bila kushika. Pia theluji nyembamba ya mwanzo wa msimu, ikikaa kati ya ardhi yenye joto kidogo na hewa ya baridi, hugeuka kuwa chembe kubwa zenye kona, zinazomiminika mkononi kama sukari. Juu ya matabaka hayo bamba linaweza kubeba watu wanne wakapita salama, kisha likakatika kwa wa tano kwa sababu alikanyaga mahali bamba lilipokuwa jembamba, kando ya mwamba. Kwa hiyo alama za skii za wengine hazithibitishi lolote. Taarifa ikitaja tatizo hili, chagueni miteremko ya chini ya nyuzi 30 na muache ubishi.

Tatizo la mwisho la kufahamu ni theluji ya maji. Majira ya baridi yakiisha, jua hulainisha theluji iliyoganda usiku. Kama anga lilikuwa na mawingu na haikuganda, msiende kabisa. Kama iliganda, ondokeni gizani na muwe mmemaliza kushuka miteremko inayoelekea mashariki katikati ya asubuhi, na ile ya kusini kabla ya adhuhuri. Hesabu hii ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Nusu ya kusini, jua hupita upande wa kaskazini.

Ramani na pembe ya mteremko

Mabamba ya theluji huporomoka hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya 30 ni nadra kuanzia hapo, lakini poromoko lililoanzia juu halijali umesimama wapi. Pimeni mteremko mtakaokanyaga, na ule unaoning'inia juu yake.

Ramani nyingi za simu sasa zinapaka rangi miteremko ya kuanzia nyuzi 30. Ziangalieni, lakini jueni kwamba kipande kifupi cha mita kumi chenye ukali kinaweza kupotea ndani ya rangi. Kwenye ramani ya karatasi ya 1:25,000 yenye kontua (mistari ya kimo) za kila mita 20, kontua zikikaribiana kuliko milimita 1.4, mteremko umevuka nyuzi 30. Zikikaribiana hadi milimita 1, umefika kama 39. Kata kipande cha karatasi chenye alama hizo mbili ukipitishe juu ya njia yenu yote.

Kisha unganisheni pembe na ngazi ya hatari. Kanuni rahisi aliyoieneza Werner Munter, kiongozi wa milima wa Uswisi, ni hii: ngazi ya 2, kaeni chini ya nyuzi 40, ngazi ya 3, chini ya 35, ngazi ya 4, chini ya 30. Ngazi ya 5, bakini nyumbani. Hesabuni sehemu kali kuliko zote kwenye mteremko, wastani wake hauna kazi hapa. Ngazi ikiwa 4, hesabuni mteremko mzima hadi juu kabisa, hata kama ninyi mnapita chini yake.

Muda nao una hesabu yake. Gawanya kimo cha kupanda kwa mita 400 kwa saa, na umbali wa mlalo kwa kilomita 4 kwa saa. Chukua jibu kubwa, ongeza nusu ya dogo. Mita 1,000 za kimo na kilomita 6 za njia: saa mbili na nusu, ongeza dakika 45, jumla saa tatu na robo bila mapumziko. Kikundi kipya kitumie mita 300 badala ya 400. Ongezeni dakika 10 hadi 15 kwa kila mapumziko, na kama nusu saa kileleni. Kutokana na hesabu hiyo andikeni saa ya kugeuka, na iheshimiwe hata kama kilele kinaonekana mita mia mbele.

Wekeni njia mbadala, iliyo fupi na yenye mteremko mdogo. Kikundi kisicho na njia ya pili hung'ang'ania ya kwanza. Mwisho, mwachieni mtu aliyebaki mjini majina yenu, mnakoegesha gari, njia, na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu apige simu ya uokoaji. Ulaya namba 112 hufanya kazi nchi nyingi, lakini maeneo mengi ya milima yana namba yake maalumu. Itafuteni na muihifadhi kwenye simu zote.

Vifaa vya uokoaji

Kila mtu, bila kubagua, anabeba vitu vitatu. Cha kwanza ni transiva, kifaa kidogo cha redio kinachotuma mapigo kwa masafa ya 457 kHz na kinachoweza kugeuzwa kikapokea mapigo ya mwingine. Iwe ya kidijitali yenye antena tatu. Betri ziwe za alkalini, isipokuwa kama mtengenezaji ameruhusu aina nyingine kwa maandishi. Betri za kuchaji huonyesha zimejaa kisha huzima ghafla. Zikishuka kuelekea nusu, badilisha. Vaa transiva mwilini, juu ya nguo ya ndani na chini ya koti, kwa mikanda yake. Simu, redio, glavu zenye joto la umeme na hata karatasi za foili za kufungia chakula ziwe umbali wa sentimita 20 kutoka kwake wakati inatuma, na sentimita 50 wakati wa kutafuta.

Cha pili ni ufito wa kuchomea theluji, unaounganika kwa kamba ya ndani, wenye urefu usiopungua sentimita 240. Cha tatu ni beleshi la chuma chepesi lenye mpini unaorefuka. La plastiki huvunjika, maana theluji ya poromoko ikishasimama hukaza kama zege. Ufito na beleshi hukaa ndani ya shanta, katika mfuko wa peke yake unaofunguka mara moja. Kamwe usivifunge nje. Shanta yenye puto la hewa husaidia kubaki juu ya theluji, lakini mpini lazima uwe nje na uweze kuufikia kwa glavu, na puto halikulindi dhidi ya miti wala majabali.

Vifaa vya kutembelea

Ngozi ni kanda ndefu zenye gundi upande mmoja na manyoya upande mwingine. Manyoya hulala kuelekea nyuma, kwa hiyo skii husonga mbele na hairudi. Za nailoni hushika sana na hudumu; za nywele za mbuzi wa Angora husonga kwa wepesi; mchanganyiko unawafaa wengi. Zikatwe zifunike tumbo la skii huku zikiacha kingo za chuma wazi, kama milimita 2 kila upande. Ngozi ikifunika ukingo, skii haiwezi kuuma barafu.

Vifungo vya skii za kupandia hushika ncha ya buti kwa pini mbili na kuacha kisigino huru. Wakati wa kupanda, komeo la mbele liwe kwenye hali ya kutembea. Wakati wa kushuka lisiwe hivyo, na tutarudi hapo kwa sababu ndipo miguu inapovunjika. Beba pia meno ya skii, vyuma vya kuuma barafu vinavyochomekwa chini ya buti, hata kama utabiri unasema theluji laini.

Nguo: fulana ya ndani ya sufu au nyuzi za sintetiki, tabaka la kati jembamba, koti la kuzuia upepo na koti nene la kusimamia. Pamba hushika jasho na kukugandisha. Glavu jozi mbili, nyembamba za kupandia na nene za kushukia. Kofia, helmeti, miwani ya jua na miwani mikubwa ya dhoruba. Losheni ya jua si anasa: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale, na mtu huungua chini ya kidevu na ndani ya pua. Maji lita moja hadi moja na nusu, sehemu yake yakiwa ya moto kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Mirija ya kunywea huganda.

Kwa kikundi kizima: huduma ya kwanza, mfuko wa dharura wa kulala, taa za kichwani, ramani na dira, betri ya akiba ya simu, na kifaa cha setilaiti ikiwa bonde halina mtandao. Kwa matengenezo, bisibisi inayoingia kwenye skrubu za vifungo vyenu, mikanda ya mpira minne, waya mwembamba, kanda ya gundi, nta ya ngozi na kibandiko cha malengelenge. Mikanda ya mpira pekee imerudisha nyumbani watu wengi waliovunja vifungo au ambao gundi ya ngozi zao ilikufa.

Asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza

Someni taarifa tena, maana hutolewa upya. Kisha fanyeni ukaguzi wa transiva penye uwazi. Kwanza kila mmoja asome kwa sauti asilimia ya betri yake. Wote mgeuze kupokea. Kiongozi anatembea mita kadhaa mbele, anageuza ya kwake kutuma, na kila mmoja anathibitisha kwamba anamsikia. Kisha kiongozi anageuza kupokea, wengine wanatuma, na wanampita mmoja mmoja wakiachana mita 10 hivi, akimsikia kila anayepita. Wa mwisho ni kiongozi mwenyewe kurudi kutuma, na aseme kwa sauti kwamba amefanya hivyo. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi.

Ondokeni mkihisi baridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto atalowa jasho ndani ya robo saa.

Kupanda

Skii hainyanyuliwi, inasukumwa. Ukiinua kila hatua, unabeba kilo kadhaa mara elfu nyingi. Sukuma goti mbele, skii ibaki theluji­ni, na simama wima uzito ukiwa juu ya kisigino. Ngozi zikiteleza, mwili hutaka kuinama mbele. Ukiinama, uzito unatoka kwenye manyoya na unateleza zaidi. Kwenye mlalo wa ubavuni, lalisha kifundo kidogo kuelekea bonde ili ngozi yote iguse theluji badala ya ukingo mmoja.

Kasi sahihi ni ile inayokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Baada ya dakika 15 au 20 simameni, vueni tabaka moja, rekebisheni buti. Anayehisi mkwaruzo kisiginoni aseme hapo hapo. Kibandiko cha dakika mbili kinaokoa siku, lakini lengelenge likishapasuka halina dawa ya njiani. Baada ya hapo pumzikeni kama kila saa, kunywa na kula kidogo.

Anayetangulia achore njia ya mwinuko wa wastani, nyuzi 10 hadi 15. Viinua kisigino vya vifungo vipo kwa sehemu fupi zenye ukali; mkivitumia siku nzima, njia yenu ni kali mno na mnapoteza nguvu. Kugeuka penye ukali, kanyagieni kwanza jukwaa bapa. Chomeka fimbo zote mbili imara, zungusha skii ya juu hadi ielekee upya, hamishia uzito wote juu yake, kisha piga kisigino cha skii ya chini ili ncha inyanyuke na ipite bila kunasa. Wanaoanguka hapa karibu wote walihamisha uzito nusu nusu.

Theluji ikiwa ngumu, vaeni meno ya skii mkiwa bado kwenye mteremko mpole. Kuyavaa katikati ya barafu ya nyuzi 35, huku umesimamia mguu mmoja, ni kazi ya hatari. Theluji ikiganda mabonge chini ya ngozi, ambayo hutokea ukitoka kwenye theluji yenye maji ukaingia yenye baridi, kwangua kwa ukingo wa skii ya mwenzako na paka nta kufuata manyoya.

Macho yafanye kazi njia nzima

Mlima hutoa dalili wazi. Poromoko jipya kwenye mteremko unaoelekea upande ule ule kama wenu. Kishindo kizito chini ya miguu, pamoja na theluji kushuka kidogo: hilo ni tabaka dhaifu limeanguka. Nyufa zinazokimbia kutoka kwenye skii. Mvua, au joto linalopanda kwa kasi. Theluji ikipeperushwa kutoka migongoni. Dalili mojawapo kati ya tatu za kwanza inatosha kuondoka kwenye miteremko yenye ukali, bila mjadala wa kama taarifa ilisema ngazi ya 2.

Kupima pembe kwa fimbo: zitumie mbili zenye urefu sawa. Laza moja kwenye theluji kuelekea moja kwa moja chini ya mteremko, iache alama, kishikio kikiwa chini. Ncha yake ibaki kwenye mwisho wa juu wa alama, kisha inua kishikio. Ning'iniza fimbo ya pili wima kutoka kwenye kishikio hicho. Ikigusa theluji kwenye mwisho wa chini wa alama, mteremko ni nyuzi 30. Ikigusa chini zaidi, ongeza kama nyuzi 3 kwa kila sentimita 10. Ikigusa juu zaidi, punguza vivyo hivyo. Fanyeni hivi kwenye kipande kifupi salama chenye ukali kama wa mbele, kabla ya kuingia.

Kwenye mteremko unaozidi nyuzi 30, achaneni angalau mita 10 wakati wa kupanda. Nafasi hiyo inapunguza uzito juu ya bamba, na poromoko likitokea halimezi wote. Migongoni, kaeni mbali na upenu wa theluji unaotokeza upande wa demani. Ukivunjika, hukatikia nyuma ya pale jicho linapodhani ukingo upo. Mkifika kwenye barafuto (mto wa barafu), mambo ni mengine: nyufa zilizofunikwa zinahitaji kamba, mikanda ya kiunoni na ujuzi wa kumtoa aliyetumbukia. Msiingie bila hivyo.

Kubadilisha kwa ajili ya kushuka

Chagueni mahali bapa, mbali na ukingo, na mvae koti nene kabla ya kugusa kitu kingine. Mpangilio unaopunguza makosa ni huu:

1. Vua skii moja moja na uzichomeke theluji­ni au uzilaze chali. Skii isiyo na breki hukimbia hadi bondeni.
2. Bandua ngozi, ikunje gundi kwa gundi, uiweke kavu ndani ya shanta, au kifuani kama mtapanda tena. Gundi iliyoganda haishiki.
3. Toa barafu kwenye matundu ya ncha ya buti na chini ya springi za kifungo cha mbele kwa ncha ya fimbo. Barafu hapo huzuia kifungo kufunga sawasawa, na skii itachomoka kwenye kona ya kwanza.
4. Funga buti na uligeuze kwenye hali ya kuteleza.
5. Geuza kifungo cha nyuma kwenye hali ya kushuka, ingia mbele, pigapiga mguu, kisha kanyaga kisigino.
6. Hakikisha komeo la mbele halijabaki kwenye hali ya kutembea. Likibaki, skii haitaachia ukianguka, na kwenye poromoko itakuvuta chini.

Kikundi chenye mazoezi humaliza kwa dakika kumi. Mkichukua nusu saa kila mara, fanyeni zoezi hili uani kwenu mkiwa na glavu.

Kushuka

Kabla ya mtu wa kwanza kuondoka, semeni kwa sauti: tunapita wapi, tunasimama wapi, mpaka wa kushoto na kulia ni upi. Mteremko mpole, achaneni mita 30. Ukikaribia nyuzi 35, mmoja mmoja, wengine wakimwangalia bila kukwepesha macho. Kituo kiwe kisiwa cha usalama: juu ya kimgongo, kando kabisa ya njia ya poromoko, kamwe si katikati ya mteremko wala chini yake. Epukeni mahali mteremko unapobinuka na kuwa mkali ghafla, kwa sababu bamba hapo limevutika. Epukeni pia makorongo, mabwawa na magenge ya miamba chini yenu, ambapo hata poromoko dogo hufukia kwa kina au kuua kwa kugonga. Toeni mikono kwenye kamba za fimbo.

Msituni, teremkeni wawili wawili mkionana. Chini ya matawi ya miti ya misonobari kuna mashimo ya theluji laini kuzunguka shina. Anayetumbukia kichwa chini mara nyingi hawezi kujitoa, na anaweza kukosa hewa ndani ya dakika chache.

Mguu ukianza kutetemeka, punguzeni mwendo. Majeraha mengi ya magoti hutokea sehemu ya mwisho, kwenye theluji mbovu ya chini, watu wakiwa wamechoka na wanafikiria gari.

Poromoko likimchukua mwenzenu

Aliyenaswa apige kelele, avute puto, ajaribu kukimbilia pembeni, aachie fimbo, na theluji ikipunguza mwendo aweke mkono mbele ya mdomo. Wanaotazama wakazie macho mahali alipoonekana mwisho. Atakayetolewa ndani ya dakika 10 za kwanza ana nafasi ya kuishi karibu 9 kati ya 10. Ikifika nusu saa, inashuka hadi karibu theluthi moja. Helikopta ni nadra kufika ndani ya muda huo, kwa hiyo waokoaji ni ninyi.

Mmoja aongoze. Hesabuni watu, angalieni kama kuna theluji nyingine inayoweza kushuka. Kama mtandao upo na mko zaidi ya mmoja, mmoja apige simu mara moja; uliyebaki peke yako bila mtandao, tafuta kwanza. Wote, hata wasiotafuta, wageuze transiva kupokea, vinginevyo mtafuatana wenyewe kwa wenyewe.

Shukeni kwa kasi kutoka mahali alipoonekana mwisho, mkitazama pia juu ya theluji kwa macho: glavu, skii, mkono. Upana wa kila mstari wa utafutaji umeandikwa kwenye kifaa chenu. Kwa vingi ni kama mita 40. Mkinasa ishara, fuateni mshale na namba ya umbali kwenye kioo chake. Namba ikifika 10 punguzeni mwendo. Ikifika 3, teremsha transiva hadi uso wa theluji na uipeleke polepole mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, bila kuizungusha. Weka alama penye namba ndogo zaidi.

Hapo choma ufito kwa pembe mraba na uso wa mteremko, kwa mzunguko unaopanuka wa sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Ukigusa kitu chenye kulegea, acha ufito hapo. Usichimbe juu ya ufito, utamkandamiza aliye chini na kuziba nafasi ya hewa. Anza upande wa bonde, umbali sawa na kina kinachosomeka kwenye ufito au mara moja na nusu yake, na mchimbe kwa mpangilio wa V: mmoja mbele anakata vipande, wa nyuma wanasukuma theluji nje, mkibadilishana kila dakika moja hivi.

Fungueni kichwa na kifua kwanza, safisheni mdomo. Hapumui? Anzeni na pumzi tano za kumpulizia, kisha endeleeni na ufufuaji, kwa kuwa hapa tatizo la kwanza ni kukosa hewa. Akiwa hai, mlazeni bila kumtikisa, mkingeni dhidi ya baridi kwa chini na juu. Helikopta ikija, mikono miwili juu ikiunda herufi Y humaanisha tunahitaji msaada; mkono mmoja juu na mmoja chini ni hapana. Bila simu, ishara sita kwa dakika kwa taa au filimbi, pumzika dakika moja, rudia.

Haya yote hayafanyiki kwa kuyasoma. Fukieni transiva ndani ya mfuko, mara kadhaa kila msimu, na mpime muda hadi beleshi liguse.

Mkirudi

Mjulisheni aliyebaki mjini kabla ya kuvua buti. Zungumzeni dakika tano: wapi tulikuwa na bahati tu, nani alitaka kusema akanyamaza? Nyumbani, zimeni transiva, na toeni betri msimu ukiisha. Fungueni ngozi na kuzitundika penye hewa, mbali na hita na jua, kwa sababu joto huyeyusha gundi na kuiacha kwenye tumbo la skii. Zikikauka, kunjeni tena zikiwa na wavu wake katikati. Fungueni pia vifungo na kuvifuta, ukaguzi wa skrubu ukifanyika hapo hapo. Ikilegea moja, iliyobaki hubeba mzigo wake na kung'oka kwenye safari inayofuata.